Majani ya Afrika ugenini: namna malisho mapya yanavyogeuza udongo wa savana

Majani yaliyotolewa katika savana za Afrika, pamoja na yale ya bonde la Ruzizi, yamepandwa kwenye mamilioni ya hekta huko Amerika ya Kusini na Australia ili kulisha ng'ombe. Ng'ombe wamenona, lakini udongo haukubaki kama ulivyokuwa. Watafiti waliopima udongo huo wameona kwamba jani linalopandwa linasaidia kuamua chakula gani cha mimea kinabaki ardhini, kipi kinaenda na maji ya mvua na kipi kinapanda na moshi. Sasa mbegu zilizoboreshwa za majani hayo zinarudi Afrika, na ulizo hilo linawafikia pia wafugaji na walimaji wa Kivu.

Jina la Ruzizi katika nchi za mbali

Huko Brazili, mlimaji mwenye shamba kubwa la mahindi anaweza kununua mfuko wa mbegu ulioandikwa jina la mto unaotoka ziwa Kivu na kuingia ziwa Tanganyika. Majani hayo yanaitwa Brachiaria ruziziensis. Asili yake ni mashariki mwa Kongo, Rwanda na Burundi. Wataalamu wawili wa mimea, Germain na Evrard, ndio walioyaelezea kisayansi mwaka 1953 na kuyapa jina la Ruzizi. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji, na INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa mwaka 1933, lilikuwa likifanya kazi katika sehemu nyingi za koloni. Baada ya uhuru kazi yake iliendelezwa na INERA, ambayo ina kituo Mulungu katika eneo la Kabare.

Kutoka bonde la Ruzizi, mbegu zilisafiri. Waaustralia waliyaita majani hayo "Kennedy". Huko Thailand walimaji wadogo huyapanda ili kuuza mbegu, na jina lao la kila siku ni "ruzi" tu. Huko Brazili hupandwa katikati ya mahindi: mahindi yakivunwa, majani yanabaki yakifunika udongo na kulisha ng'ombe wakati wa kiangazi, kisha yanauawa kwa dawa ili soya ipandwe.

Ruzizi haikusafiri peke yake. Jamaa yake, Brachiaria decumbens, ilitolewa Uganda ikapelekwa Australia, na kutoka huko ikafika Brazili. Nyingine, Brachiaria brizantha ya aina ya Marandu, ilitoka Zimbabwe, na shirika la utafiti la Brazili, Embrapa, likaitoa kwa wafugaji mwaka 1984. (Wataalamu wengi leo wanaiweka jamii hiyo yote chini ya jina jipya, Urochloa, lakini wafugaji bado wanasema brachiaria.) Panicum maximum na Andropogon gayanus nazo zilitoka Afrika kwa njia hiyo hiyo.

Sababu ya kupendwa kwake ni rahisi. Savana za Afrika zimeishi na nyati, swala, pundamilia, viboko na moto kwa maelfu ya miaka. Jani lililokulia katika hali hiyo likikatwa leo, kesho linachipuka. Wafugaji wa Amerika na Australia walikuta kwamba majani yao ya kienyeji hayavumilii kukanyagwa na kuliwa namna hiyo, basi wakatafuta ya Afrika.

Australia: mgeni aliyepita kimo cha mwenyeji

Mfano unaojulikana kuliko yote unatoka kaskazini mwa Australia, katika jimbo linaloitwa Northern Territory. Huko kuna savana yenye miti ya mikaratusi, mvua za miezi michache na kiangazi kirefu. Udongo wake ni wa zamani sana na maskini, hasa kwa azoti na fosfori. Majani ya kienyeji ni mafupi na membamba, nayo yamezoea kuishi kwa kidogo.

Andropogon gayanus, ambayo huko huitwa majani ya gamba, iliingizwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya majaribio ya malisho. Katika miaka ya 1980, baada ya aina yenye mbegu nyingi kupatikana, ilianza kupandwa katika mashamba makubwa ya ng'ombe. Kwa mfugaji lilikuwa jani la baraka: linapanda hadi mita 4, linatoa chakula kingi, na linabaki bichi hata majani mengine yakikauka.

Lakini mbegu hazikubaki ndani ya uzio. Zilipita kando ya barabara, zikaingia katika misitu ya wazi na hata katika hifadhi ya taifa ya Litchfield, kusini mwa mji wa Darwin. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kuugua.

Jambo la kwanza lililoonekana ni moto. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mahali palipovamiwa na gamba, majani makavu yanayoweza kuwaka yanaweza kuwa mengi hadi mara 7 kuliko kwenye majani ya kienyeji. Moto wake, kwa wastani, ulikuwa na nguvu mara 8 kuliko moto wa majani ya kienyeji katika majira yale yale. Moto wa kawaida wa savana hupita chini ya miti. Moto wa gamba unapanda mpaka kwenye matawi.

Mwaka 2008 serikali ya Northern Territory ilitangaza gamba kuwa kwekwe, na mwaka uliofuata serikali ya shirikisho ya Australia iliandika uvamizi wa gamba na majani mengine ya kigeni katika orodha ya hatari kubwa kwa viumbe vya nchi hiyo. Kufikia hapo watafiti walikuwa wamekwisha kuuliza ulizo jingine: chini ya majani hayo, udongo umekuwaje?

Azoti inavyotembea ardhini

Ili kuelewa jibu, ni lazima kwanza kuelewa safari ya azoti, ambayo katika vitabu vingine huitwa naitrojeni. Bila azoti jani linakuwa la manjano na haliwezi kukua. Ndiyo inayotafutwa na mlimaji anapotia mbolea ya urea au mbolea ya ng'ombe shambani.

Majani makavu, mizizi iliyokufa na kinyesi cha mifugo vikioza, viumbe vidogo vya udongo huvivunja na kutoa azoti katika umbo linaloitwa amoniamu. Amoniamu inashikamana na udongo wa mfinyanzi na mboji, kwa hiyo mvua haiiondoi kwa urahisi.

Baadaye bakteria wa namna nyingine huichukua amoniamu na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati haishikamani na udongo. Mvua kubwa ikinyesha, inateremka pamoja na maji mpaka mahali ambapo mizizi haifiki, au inaingia mtoni. Sehemu nyingine hugeuka kuwa gesi na kuruka angani, ikiwemo gesi inayopasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kiasi kile kile cha gesi ya kaboni.

Kugeuka huko kutoka amoniamu kuwa nitrati ndiko mlango wenyewe. Mlango ukiwa wazi, azoti inatembea kwa haraka na nyingi inapotea. Mlango ukifungwa, azoti inabaki, lakini inabaki katika umbo moja tu. Na siyo kila mmea unaweza kuila vizuri kwa umbo hilo.

Kilichopimwa chini ya gamba

Mwaka 2009, Natalie Rossiter-Rachor na wenzake walitoa matokeo ya kupima mahali palipovamiwa na gamba na mahali penye majani ya kienyeji. Tofauti ilikuwa kubwa.

Juu ya ardhi, gamba ilikuwa na uzito wa majani na mashina hadi mara 10 kuliko majani ya kienyeji, na chini ya ardhi mizizi yake ilikuwa hadi mara 4. Azoti iliyofungwa ndani ya majani na mashina yake ilikuwa hadi mara 7. Kwa upande mwingine, azoti yote iliyobaki katika udongo wakati wa mvua ilikuwa pungufu. Kwa maneno mengine, utajiri ulikuwa umehama kutoka ardhini na kupanda ndani ya mmea.

Umbo la azoti nalo lilikuwa limebadilika. Chini ya gamba, nitrati ilikuwa pungufu hadi mara 3, na amoniamu ilikuwa nyingi zaidi hadi mara 3. Kasi ya kugeuza amoniamu kuwa nitrati ilikuwa imeshuka. Mlango ulikuwa umefungwa, au karibu kufungwa.

Kisha watafiti walichukua mizizi na kuipima peke yake. Mizizi ya gamba ilinyonya amoniamu kwa kasi inayozidi mara 6 ile ya majani ya kienyeji. Jani moja la kienyeji, Eriachne triseta, lilinyonya nitrati mara 3 kuliko gamba. Kila mmoja alikuwa na chakula anachokipenda.

Ukiweka mambo hayo pamoja, picha inaonekana. Mgeni anayependa amoniamu ameingia mahali, na baadaye udongo wa mahali hapo unakuwa na amoniamu nyingi na nitrati chache. Mwenyeji anayependa nitrati anabaki na njaa. Watafiti hao walisema kwa uangalifu kwamba ni dhana: inaonekana gamba yenyewe inachochea kutengenezwa kwa amoniamu na kuzuia kugeuka kwake, kama ilivyokwisha kuonekana katika nchi zake za asili barani Afrika. Ikiwa ni hivyo, gamba haivamii tu udongo uliopo, bali inautengeneza udongo unaoifaa yenyewe.

Moto unakamilisha kazi. Majani yakiungua, fosfori, kalsiamu na potasiamu nyingi zinabaki katika majivu, lakini azoti nyingi inaruka na moshi. Jani lililokusanya azoti hadi mara 7 na kuungua kwa moto mkali linapeleka angani azoti nyingi kuliko jani dogo la kienyeji. Udongo uliokuwa maskini unazidi kuwa maskini, miti inapungua mwaka kwa mwaka, na gamba, yenye mizizi mizito, inachipuka tena mvua ya kwanza ikinyesha.

Siri iliyojulikana Lamto

Uwezo huu haukuzaliwa Australia. Huko Côte d'Ivoire, katika savana ya Lamto, watafiti wamechunguza udongo na majani tangu kituo cha utafiti kilipoanzishwa mwaka 1962. Savana ya Lamto inaungua karibu kila mwaka, mvua ni nyingi na azoti ni chache. Hata hivyo majani yanakua marefu na kwa wingi. Azoti ya kulisha majani hayo yote inabaki namna gani?

Sehemu ya jibu ilipatikana kwa jani moja, Hyparrhenia diplandra. Hyparrhenia si ngeni kwa macho ya Wakongo: ni jamii ya majani marefu yanayokuwa mekundu au ya kahawia wakati wa kiangazi katika savana nyingi za nchi yetu. Watafiti wa Lamto walikuta mahali pawili penye jani hilo hilo. Pamoja, kugeuka kwa amoniamu kuwa nitrati kulikuwa kwa kawaida. Pengine kulikuwa chini sana.

Ili kujua kama sababu ni udongo au ni mmea, walihamisha mimea: wa huku ukapelekwa kule, na wa kule ukaletwa huku. Baada ya muda, udongo ulimfuata mmea. Mmea unaozuia ulipopandwa mahali pa kawaida, kugeuka kukapungua. Mmea wa kawaida ulipopandwa mahali palipozuiwa, kugeuka kukaongezeka. Basi ilikuwa wazi kwamba majani ya savana siyo nguo tu inayofunika ardhi. Yanaingilia kemia yake.

Tofauti ni kwamba katika Afrika majani hayo yana wapinzani wao. Yanaliwa na wanyama wengi, yanabebwa na mchwa, na yanaishi pamoja na majani mengine yaliyozoea udongo wenye amoniamu. Australia haikuwa na wapinzani hao.

Kolombia: kasoro ya huku ni faida ya kule

Mtu akisoma mpaka hapa anaweza kufikiri kwamba majani ya kigeni ni mabaya tu. Habari kutoka Kolombia inaonyesha upande mwingine.

Katika nyanda za Llanos, mashariki mwa Kolombia, wafugaji walipanda Brachiaria humidicola, jani lingine lenye asili ya Afrika. Mwaka 2009, mtafiti G. V. Subbarao wa taasisi ya JIRCAS ya Japani na wenzake wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo kilicho Palmira, walitangaza kwamba wamepata kitu ambacho mizizi ya jani hilo inatoa. Walikiita brakialaktoni. Kitu hicho kinawazuia bakteria wanaogeuza amoniamu. Katika mashamba ya majaribio, baada ya miaka 3, kasi ya kugeuza amoniamu ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 90.

Kwa savana ya Australia kuzuia huko kulikuwa pigo kwa majani ya kienyeji. Kwa mlimaji anayenunua mbolea, ni akiba. Azoti aliyoilipia inabaki shambani badala ya kwenda mtoni au kuruka angani. Watafiti waliopanda mahindi mahali palipokuwa na humidicola kwa miaka mingi walikuta mahindi hayo yakitumia vizuri zaidi azoti ya mbolea kuliko mahindi ya shamba la kawaida.

Lakini siyo kila brachiaria ina nguvu hiyo, na siyo kila jani la malisho. Humidicola inaongoza. Panicum maximum, ambalo ng'ombe hulipenda sana, lina uwezo mdogo. Jina "majani ya mifugo" linaficha tofauti kubwa iliyo chini ya ardhi.

Mwaka 1994, watafiti wa CIAT walitoa pia habari nyingine kutoka Llanos: mizizi mirefu ya majani ya Afrika ilikuwa imeweka karboni nyingi ndani ya udongo kuliko savana ya asili, na nyingi ya hiyo ilikuwa chini ya kina cha jembe. Mahali ambapo jani liliwekwa pamoja na mkunde, kiasi kilizidi. Wataalamu waliendelea kubishana kama hesabu ya shamba moja inaweza kupanuliwa kwa bara zima, lakini jambo lenyewe la mizizi mirefu halikukataliwa.

Brazili: malisho yanayochoka

Brazili inatoa funzo la tatu. Katika savana yake, inayoitwa Cerrado, udongo ni wenye asidi na una aluminiamu inayoumiza mizizi ya mimea mingi. Brachiaria inavumilia hali hiyo, na ndiyo sababu ilienea haraka. Miaka ya kwanza malisho yalikuwa mazuri. Kisha, katika sehemu nyingi, ng'ombe walianza kukonda na kwekwe na vichuguu vya mchwa vikatokea.

Sababu moja ni ng'ombe kuwa wengi kuliko majani. Sababu nyingine ni ya kemia. Majani makavu na mizizi ya brachiaria isiyopewa mbolea yana karboni nyingi na azoti kidogo. Viumbe vya udongo vinapoyaozesha, vinakosa azoti ya kutosha ndani yake, basi vinaichukua ile iliyo huru katika udongo. Azoti ipo, lakini imefungwa ndani ya viumbe hivyo na ndani ya takataka zisizooza upesi. Mfugaji anaona jani la manjano na kusema udongo umekwisha. Kwa kweli udongo umefunga mfuko wake.

Dawa yake inajulikana: kuweka mbolea, kuchanganya majani na mikunde, au kulima mahindi na soya kwa zamu na malisho. Ni hapo ambapo majani ya Ruzizi yalipata kazi kubwa huko Brazili.

Mikunde nayo ina bei yake

Mikunde ya mifugo, kama Stylosanthes na Desmodium, inaishi na bakteria wanaochukua azoti kutoka hewani. Kwa hiyo wengi huiona kuwa mbolea ya bure. Mara nyingi ni kweli. Lakini kaskazini mwa Australia, mwaka 1997, watafiti walionyesha kwamba malisho yaliyotawaliwa na Stylosanthes kwa miaka mingi yalikuwa yameongeza asidi ya udongo kwa kasi.

Njia yake ni ile ile ya mlango. Mkunde unaleta azoti, azoti inageuka kuwa nitrati, na kugeuka huko kunatoa asidi. Mvua inapoiondoa nitrati, inaondoka pamoja na kalsiamu na magnesiamu, na asidi inabaki. Majani yanapokatwa na kubebwa, au ng'ombe wanapouzwa, sehemu nyingine ya madini hayo inaondoka. Udongo usio na akiba kubwa unateremka mwaka kwa mwaka, na mtu haoni kitu mpaka siku mazao yanapokataa.

Hiyo haina maana kwamba mikunde isipandwe. Maana yake ni kwamba haifai kuachwa peke yake. Majani yenye mizizi mirefu yakiwa pamoja nayo, yanaishika nitrati kabla haijapotea.

Kivu inasimama wapi

Katika vilima vya Kabare na Walungu, ardhi ni ndogo, watu ni wengi, na udongo wa sehemu nyingi umechoka: una asidi na fosfori chache. Majani ya Setaria, Pennisetum na Tripsacum hupandwa katika mistari ya kuzuia mmomonyoko, kisha hukatwa na kupelekewa ng'ombe, mbuzi, sungura na hata dende. Katika bonde la Ruzizi hali ni nyingine. Kuna nyanda, ng'ombe wanaohamahama, mashamba ya mpunga na mihogo, na sehemu zenye udongo wa chumvi. Kiangazi kikifika, majani yanakauka, ng'ombe wanaingia mashambani, na ugomvi kati ya walimaji na wafugaji unaanza tena.

Kwa hiyo haja ya malisho bora ni ya kweli. Jani linalobaki bichi wakati wa kiangazi linaweza kupunguza njaa ya ng'ombe na hata kupunguza ugomvi. Na baadhi ya mbegu zinazotolewa leo zina damu ya hapa. Brachiaria inayoitwa Mulato II, inayopandwa Kenya, Rwanda na kwingineko, ilitengenezwa na CIAT kwa kuunganisha brizantha, decumbens na ruziziensis. Mtoto wa Ruzizi amezunguka Kolombia na sasa anabisha hodi nyumbani.

Hatari ya kuona Mulato ikifanya kama gamba ilivyofanya Australia siyo ile ile hapa, kwa sababu jamii yake ni ya Afrika. Lakini majani na mikunde mingine inayogawiwa Kivu haina asili hapa: Tripsacum, Stylosanthes, Leucaena na Calliandra zilitoka Amerika. Na hata jani la nyumbani, likipandwa peke yake kwenye ardhi kubwa, linaweza kuubadilisha udongo kama lilivyofanya ugenini.

Mambo manne yanatokea katika mifano yote hii, na mfugaji au shirika linalogawa mbegu linaweza kuyauliza kabla ya kupanda.

La kwanza, jani litakaa wapi? Katika mistari ya shambani, ambapo linakatwa kila mara kabla ya kutoa mbegu, hatari ni ndogo. Pembeni ya savana inayoungua kila mwaka, au karibu na hifadhi kama Virunga, jani refu lenye mbegu nyingi linaweza kuondoka na upepo. Nyanda za Rwindi na Rutshuru zina savana ya asili yenye majani na wanyama wake. Litchfield inaonyesha kwamba uzio wa hifadhi hauzuii mbegu.

La pili, mbolea inarudi? Kila fungu la majani linalobebwa kupelekwa zizini linaondoka na azoti, potasiamu na kalsiamu. Pennisetum, kwa kuwa linakua haraka, linabeba nyingi zaidi. Mbolea ya ng'ombe ikirudishwa kwenye mstari huo huo, hesabu inakaribia kusawazika. Ikipelekwa kwenye migomba peke yake, migomba inanona na mstari wa majani unakonda, na pamoja nao ukingo uliokuwa ukizuia udongo usiteremke.

La tatu, limepandwa peke yake au na mwenzake? Jani peke yake linaelekea kufunga azoti, kama Brazili. Mkunde peke yake unaelekea kuleta asidi, kama Australia. Yakiwa pamoja, kila mmoja anarekebisha kosa la mwingine.

La nne, udongo ulikuwaje mwanzoni? Humidicola na decumbens zinavumilia asidi. Nyingine zinadai udongo wenye rutuba, na nyingine hazipendi maji yaliyosimama wala chumvi. Mbegu iliyofanikiwa katika kilima cha Walungu inaweza kushindwa Luvungi. Kupima asidi ya udongo kabla, na kupima tena baada ya miaka michache, ni gharama ndogo kuliko kurudisha rutuba ikishapotea. Chokaa, pale inapopatikana, hurudisha kalsiamu na kushusha asidi, lakini kuibeba mpaka milimani ni kazi ya fedha nyingi.

Waaustralia waliopanda gamba hawakuwa wajinga wala wabaya. Walipima kilo za majani na kilo za nyama, na kwa vipimo hivyo gamba ilishinda. Hakuna aliyepima nitrati. Walipokuja kuipima, zaidi ya miaka 70 ilikuwa imepita, na mahali pengi jani lilikuwa limekwisha kuwa na nguvu kuliko wale walioliingiza. Leo nchi hiyo inalipa watu wa kuling'oa na kulipulizia dawa.

Kivu haijafika huko. Bado mbegu nyingi zinagawiwa kwa kilo chache, katika mashamba madogo, na wafugaji wanaojua kila mstari wao. Huo ndio wakati mzuri wa kuangalia chini ya jani, kabla halijaenea.